Usalama Usio na Lumbesa

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na wakazi wa jiji, Dodoma

Mbukwenyi!

Asanteni. Wageni mlioitikia salamu hiyo leo kwa mara ya kwanza, karibuni Ugogo.

Wazee wangu mlioketi mbele, ndugu zangu wa vyombo vya ulinzi, mliovaa sare na mliovaa kiraia, na ninyi wanangu wanafunzi. Barua ya mwaliko ilinitaka mimi, hakimu mstaafu, nizungumzie "kuweka mizani kati ya uhuru wa raia na usalama wa taifa". Neno hilo mizani nimelala nalo wiki nzima, na kila nikiliwaza najikuta nimesimama sokoni Kibaigwa msimu wa mahindi.

Aliyelima Kongwa anajua kwamba mkulima haumizwi na mizani. Anaumizwa na gunia. Gunia ni la kilo 100. Mnunuzi analijaza mpaka mdomoni, kisha anaongeza kofia juu yake, anashona kwa kamba, na ile kofia inabeba debe zima au zaidi. Bei inabaki ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima anaiona kwa macho yake mawili, wala si mjinga. Anakubali kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa, mvua imekaribia, na lori linaondoka jioni. Mtu mwenye haraka au mwenye hofu hapimi.

Nina jambo moja la kuwaambia leo. Serikali inastahili gunia lake la madaraka ya kutulinda, nalo lijae, tusilipunje hata kisado. Lakini kila tulipokuwa na hofu katika nchi hii tumeshonewa lumbesa juu ya gunia, na hofu ilipokwisha mara nyingi lumbesa ile imebaki.

Sitaki mtu atoke humu akisema mzee yule anadhani hatari ni hadithi. Agosti 7, 1998, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, siku moja na lile la Nairobi, na kwetu wakafa watu 11. Aprili 13, 2017, askari polisi 8 waliuawa Kibiti, gari lao likishambuliwa wakitoka lindoni. Mwaka huohuo wenyeviti na watendaji wa vijiji katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga waliuawa mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti wa kijiji akipigwa risasi mlangoni kwake amepokonywa haki zake zote za kwenye Katiba kwa mara moja. Askari anayekesha ili jambo hilo lisitokee analinda uhuru, na mimi namwamkia kwa heshima.

Babu yangu aliishi kwenye tembe, upande wa Mvumi. Vijana wa siku hizi tembe mnaliona kwenye picha: kuta za miti na udongo, paa la bapa, vyumba vimezunguka zizi na ng'ombe wako katikati. Lilijengwa vile kwa sababu ya wezi wa mifugo na wanyama wakali. Usiku babu alitia komeo, na hakuna aliyetoka bila yeye kujua. Sisi watoto tulimwona mkali. Lakini babu alilala humo humo. Moshi uliotuchoma macho ulimchoma na yeye, na kama tembe lingeshika moto angeungua pamoja nasi. Kwa hiyo komeo lake lilikuwa na kiasi. Nilipokuja kusoma sheria ukubwani nikakutana na makomeo ambayo aliyeyatia alilala kwingine kabisa.

Komeo la kwanza la namna hiyo ni sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962, uhuru wetu ukiwa bado mbichi. Rais akiridhika kwamba mtu fulani ni hatari kwa usalama, aliweza kuagiza awekwe ndani bila mashtaka, na amri yake haikuruhusiwa kuhojiwa katika mahakama yoyote. Hofu ya wakati ule naielewa. Nchi ilikuwa changa, na Januari 1964 askari wa jeshi letu wenyewe wakaasi. Kusini yetu Mreno alikuwa bado yupo. Mwalimu Nyerere aliwahi kukiri hadharani kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Kiongozi aliyeweza kulisema hilo kwa kinywa chake alijua alichobebeshwa. Ila sheria haiandikwi kwa ajili ya kiongozi mmoja anayejua.

Tazameni lililotokea. Hapo Kongwa, kuanzia 1964, tuliwapa kambi wapigania uhuru wa kusini: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Ni fahari ya mkoa huu, na nikiwa hai sitakubali mtu aidharau. Mwaka 1976 Wanamibia 11, Andreas Shipanga na wenzake 10, waliokuwa wakiwahoji viongozi wa chama chao, wakakamatwa Zambia. Kule walikuwa na njia ya kuiomba mahakama iamuru waletwe mbele yake. Wakahamishiwa Tanzania, ambako njia hiyo ilikuwa imezibwa, wakakaa katika magereza yetu bila kesi hadi 1978. Nchi iliyowapokea watu kwa sababu walikuwa wanatafuta uhuru ikatumika kuwa mahali pa kuwaficha wenzao wasifikiwe na mahakama. Sheria yenyewe haikuandikwa kwa nia hiyo. Lakini komeo likiwapo, kila mwenye mtu wa kufungia atalitafuta.

Mwaka 1983 hofu ilibadilika sura ikawa ya bidhaa. Madukani hakukuwa na sabuni wala sukari. Serikali ikaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria ikatungwa wakati kamatakamata imekwisha kuanza. Walioshtakiwa walipelekwa kwenye baraza maalumu lisilo na mawakili wala dhamana. Hayati Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyeongoza vita hiyo, namheshimu sana. Alifariki Aprili 12, 1984 akiwa njiani kutoka bungeni hapa Dodoma. Na mwaka huohuo wa 1984 sheria ile ilibadilishwa, makosa yale yakarudishwa mahakamani. Serikali yenyewe iliona imezidisha. Huo ni ungwana, na nautaja kwa sababu hautajwi.

Kuna ungwana mwingine mkubwa zaidi, na hapa naomba mnivumilie.

Mwaka 1976, Mwanza na Shinyanga, maofisa wa polisi na wa usalama walikuwa wanapeleleza mauaji yanayohusiana na imani za kichawi. Mauaji yalikuwa ya kweli. Wananchi walikuwa wanataka yakome. Watu wengi wakakamatwa, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa waliowakamata. Habari zilipofika juu, mwaka 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu. Hakuwa Shinyanga. Hakumpiga mtu. Jina lake Ali Hassan Mwinyi. Viongozi wengine nao walijiuzulu, na baadaye baadhi ya maofisa wale wakashtakiwa na kutiwa hatiani. Usalama wa taifa haukuporomoka kwa sababu waziri aliwajibika. Na wananchi hawakumsahau: miaka minane baadaye akawa Rais. Mkisikia mtu anasema ukiwahoji wanaotulinda unawavunja nguvu, mwambieni habari za Mzee Mwinyi.

Haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba yetu ya 1977 kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na hata hapo mahakama ziliambiwa zisubiri, hadi Machi 1988 ndipo raia akaweza kuzidai. Mimi nilianza uhakimu nikiwa na Katiba hiyo mezani. Sasa niwaambie jinsi nilivyoitumia, au nilivyoshindwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, wilaya nisiyoitaja. Aliletwa fundi redio, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa kosa ambalo kwa kawaida lina dhamana. Mkewe alikuja na kila kitu: wadhamini wawili, barua ya mtendaji wa kata, na hati ya nyumba ya baba mkwe. Nikaanza kukagua karatasi. Mwendesha mashtaka akasimama akanikabidhi waraka. Ulikuwa ukurasa mmoja. Ukiondoa namba ya shauri na sahihi, ulikuwa na sentensi moja: kwamba mshtakiwa akipewa dhamana, usalama au maslahi ya Jamhuri yatahatarishwa. Basi. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kifungu cha 148(4), ilisema waraka huo ukifika hakimu hana la kufanya.

Nikamsomea. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mheshimiwa, hatari yangu ni ipi, ili nijirekebishe?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa ameniambia, na sheria haikunipa ruhusa ya kuuliza. Nikasema shauri litakuja kutajwa baada ya siku 14. Mliowahi kukaa kwenye benchi za mahakama za wilaya mnajua kinachofuata. Karandinga linaingia asubuhi, mahabusu wanashuka, majina yanaitwa, na mwendesha mashtaka anasema upelelezi bado haujakamilika. Siku 14 nyingine. Yule fundi alikuja mbele yangu hivyo kwa miezi kumi na minne. Mara za kwanza mkewe alikuwepo, amembeba mtoto. Baadaye sikumwona. Mwisho upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea na shauri, nikamwachia kwa sentensi moja, kama alivyowekwa kwa sentensi moja. Banda lake la kazi lilikuwa na fundi mwingine. Mke alikuwa amerudi kwao Manyoni.

Simlaumu aliyenikabidhi waraka. Huenda alikuwa na sababu nzito sana. Huenda yule kijana alikuwa akiwatengenezea mitambo watu wabaya. Sijui mpaka leo, na hapo ndipo ninapoumia. Kama sababu ilikuwapo, ningeweza kuelezwa faraghani, nikaipima, nikamnyima dhamana mimi mwenyewe kwa roho safi. Kama haikuwapo, mtu ameharibiwa maisha na mimi nilikuwa mhuri. Nilikuwa na Katiba mezani. Ningeweza kuandika hata ukurasa mmoja wa kuhoji kifungu kile. Sikuandika.

Aliandika mwingine. Wakili mmoja aliupeleka mbele ya Mahakama Kuu uhalali wa kifungu kilekile, na mwaka 2015 mahakama ikasema kinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa kinamfungia mtu dhamana bila kumpa nafasi ya kusikilizwa. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Nilisoma hukumu ile nimekwisha kustaafu, nimekaa chini ya mwarobaini nyumbani kwangu, na nilimkumbuka yule fundi. Je, Jamhuri ilianguka baada ya 2018 kwa kukosa waraka wa sentensi moja? Ipo.

Wanafunzi, kipimo mnachokitafuta hamna haja ya kukitafuta nchi za mbali. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake. Walitaka kuishtaki serikali, na sheria ya wakati ule ilisema lazima kwanza serikali ikubali kushtakiwa. Mahakama ikalifuta sharti hilo, ikaeleza jambo ambalo mimi ningependa liandikwe kwenye ukuta wa kila kituo cha polisi: sheria inayobana haki kwa maslahi ya umma isimwachie mtawala kufanya atakavyo, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane zaidi ya kile kinacholazimu ili kufikia lengo lake. Isibane zaidi ya kinacholazimu. Majaji wale walikuwa wanapiga marufuku lumbesa.

Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu zitungwe sheria za kubana haki kwa ajili ya ulinzi na usalama wa jamii. Hilo ndilo gunia, na ni halali. Kipimo cha 1993 kinasema gunia liishie wapi. Kukitumia ni kazi ngumu, sikatai. Hapa hapa Dodoma, mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikasema imeokolewa na ibara ya 30. Majaji waliotumia kipimo kimoja wakafika sehemu mbili. Mimi naona Mwalusanya aliona mbali zaidi, ila ninachotaka mkione ni kwamba walipima mbele ya watu, wakaandika sababu, na leo mnaweza kubishana nao. Na waraka wa sentensi moja utabishana nao vipi?

Sasa simu zenu. Kila mmoja wenu laini yake imeunganishwa na alama za vidole. Mnakumbuka foleni za mwisho wa 2019, na laini zilivyoanza kuzimwa Januari 2020. Sipingi usajili. Matapeli wa "tuma kwa namba hii" wamewaliza mama zetu wengi. Ninachouliza ni nani analifungua sanduku hilo la siri zetu, na kwa kibali cha nani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuagiza upekuzi na ukamataji wa kompyuta au simu, bila kwanza kwenda kwa hakimu. Simu ya leo ina barua zako, benki yako, daktari wako na ugomvi wako na mkeo. Nyumba ya mtu ina thamani, lakini mwizi akiingia nyumbani kwangu atajua mambo yangu machache kuliko akishika simu yangu kwa saa moja. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na nimefurahi kwamba ipo. Someni vifungu vyake vinavyozungumzia usalama wa taifa, taratibu, kwa kalamu mkononi, mwone kinga yenu inaishia mstari gani.

Siwezi kusimama hapa nikaruka Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi intaneti ilizimika nchi nzima, ikakaa siku kadhaa. Dar es Salaam watu wakaamriwa wasitoke nje usiku. Na wapo waliokufa. Novemba 2025 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha uhakimu hasemi kabla ya ushahidi. Nasema moja tu, ambalo halihitaji tume. Mama mwenye mtoto Dar es Salaam na yeye yuko Bahi, simu haimpi habari, alikuwa na hofu kubwa kuliko mtu yeyote aliyetoa amri siku zile. Giza limewekwa kwa jina la usalama, na yeye hakuwahi kujisikia hana usalama kama usiku ule. Anayepima haki na usalama na asimtie mama huyo kwenye hesabu, amepima nini?

Ninyi mnaosoma Dodoma mna bahati ambayo mwanafunzi wa Kigoma hana. Muswada ukisomwa mara ya kwanza bungeni hupelekwa kwenye kamati, na kamati huita maoni ya wadau. Kutoka chuoni kwenu mpaka bungeni ni nauli ya daladala. Nendeni. Msiende na mabango ya maneno makubwa, wabunge wameyazoea. Nendeni na namba ya kifungu. Kikisema "endapo ofisa ataridhika", ulizeni ataridhika kwa ushahidi gani na atamwonyesha nani. Kikiruhusu kushikilia mtu, ulizeni ni kwa siku ngapi na zikiisha nani anahesabu. Ulizeni sheria itarudi lini bungeni kuangaliwa upya kama bado inahitajika, maana sheria ya hofu isipopewa tarehe ya mwisho huwa inazeeka pamoja nasi. Na mkutane na wenzenu wanaosomea upolisi mjadiliane nao, kwa sababu wao ndio watakaotumwa usiku na karatasi hizo mkononi, na karatasi mbaya humwumiza na anayeibeba.

Nimesema mengi, na muda wangu umekwisha. Kuna askari kijana pale nyuma, karibu na mlango, amenyosha mkono tangu nilipotaja dhamana. Mpeni kipaza sauti, tuanze na yeye.